Kujenga mwalo mpya wa umma Ziwa Victoria: kuanzia kikao cha kijiji hadi mtumbwi wa kwanza

Kanda ya Ziwa mahali pa kushushia na kupandishia vyombo panaitwa mwalo. Hapo ndipo samaki wanapimwa, mgonjwa kutoka kisiwani anashushwa, akina mama wanapokea dagaa alfajiri, na wanafunzi wanavuka kwenda ng'ambo. Mialo mingi haikupangwa na mtu. Mvuvi mmoja alivuta mtumbwi wake pale, wa pili akamfuata, muuza chai akajenga kibanda, na baada ya miaka kumi pana watu mia tano na hakuna choo. Mwalo wa kupangwa ni kazi nyingine kabisa, na mwongozo huu ni wa kijiji, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), au diwani anayetaka kuufanya vizuri.

Nimekaa kwenye kamati ya ujenzi wa mwalo, na kosa letu la kwanza nalitaja mapema ili lisirudiwe. Tulipima mwezi Mei, ziwa likiwa limejaa. Mkandarasi alimwaga zege hadi pale maji yalipomfika magotini, tukapiga picha, tukafurahi. Ilipofika Oktoba ncha ya zege ilikuwa imebaki nje ya maji kama ulimi, na kila mtumbwi uliokuja usiku uligonga ukingo wake. Mbao zilipasuka. Tangu hapo naamini kwamba swali la kwanza la mwalo si fedha wala eneo. Swali la kwanza ni hili: maji yatakuwa wapi?

Hatua ya 1: Lijue ziwa kabla ya kuligusa

Ziwa Victoria halikai mahali pamoja. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto pekee unaotoka ndani yake ni Nile, pale Jinja, Uganda. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka miwili mfululizo, ziwa hupanda, ikikosekana, hushuka. Wazee wanakumbuka mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, 1961, zilizoanza kupandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 hadi mwaka 1964. Mwaka 2006, kwa sababu ya ukame na kwa sababu ya maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, maji yalirudi nyuma sana hadi mawe ambayo vijana hawakuwahi kuyaona yakatokeza. Kisha Mei 2020 yakapanda kufikia kimo cha 1964, nyumba na mialo mingi ikazama, na mwaka 2024 yakapanda tena vivyo hivyo. Kati ya 2006 na 2020 tofauti ya kimo inakaribia mita 3.

Mita 3 zinasikika ndogo hadi uzitembee. Kwenye ufuko tambarare unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20, mita 3 za kimo ni mita 60 za mchanga. Mwalo uliojengwa kwa maji ya mwaka mmoja utazama au utaachwa nchi kavu.

Juu ya hayo kuna mwendo wa kila mwaka. Ziwa hufikia kilele chake karibu na Mei au Juni, masika yanapomalizika, na huwa chini karibu na Oktoba au Novemba. Ukipima mara moja tu, utakuwa umepima mwezi na si ziwa.

Fanyeni hivi. Tafuteni wazee watatu au wanne waliovua hapo hapo kabla ya 2006, tembeeni nao ufukweni. Kila mmoja aonyeshe kwa mguu wake maji yaliishia wapi mwaka 2006 na yalifika wapi 2020. Msiwaulize wakiwa pamoja. Kila mmoja kwa wakati wake, kisha mlinganishe. Alama za maji ya juu huwa dhahiri: shina la mti lililokauka, ukuta wenye mstari, msingi wa nyumba iliyohamwa. Alama za maji ya chini ni mawe na miamba wanayoijua wavuvi kwa majina. Pigeni vigingi viwili, kimoja kila upande, na viandikwe kwenye muhtasari wa kijiji. Ofisi ya bodi ya maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza, inashughulikia maji ya bonde hili. Ombeni vipimo vyao vya kimo cha ziwa mviweke pamoja na maneno ya wazee.

Hatua ya 2: Chagueni mahali

Hapa ndipo kamati nyingi hugombana, kwa sababu kila kitongoji kinataka mwalo uwe mlangoni kwake. Acheni kwanza mazungumzo ya kitongoji, anzeni na upepo.

Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huwa na nguvu. Ufuko unaoutazama upepo huo moja kwa moja, ukiwa na kilomita nyingi za maji wazi mbele yake, utapigwa na mawimbi kila mchana na mitumbwi itapondana. Mnataka ghuba au pembe ya rasi inayovunja mawimbi. Lakini ghuba tulivu ndiyo pia inayokusanya magugu maji. Magugu haya yalivamia ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na upepo huyasukuma kama mifugo, huyafungia kwenye kona. Kuna ghuba ambako mtumbwi unaweza kukaa siku nne bila kutoka. Kwa hiyo msiridhike na utulivu wa maji. Ulizeni magugu hulala wapi, na huondoka baada ya siku ngapi. Anayejua jibu ni mvuvi wa dagaa anayerudi alfajiri. Ofisi haitakuwa nalo.

Mahali pazuri kwa kawaida ni kando ya ghuba, karibu na mdomo wake, upande unaofichwa na rasi. Pana utulivu wa kutosha na pana mwendo wa maji wa kuyatoa magugu.

Epukeni mlango wa mto, kwa sababu tope litafunika zege ndani ya masika mawili. Epukeni pia mafunjo na matete, hata kama yanaonekana kuwa pori la bure. Hayo ni mazalia ya samaki. Sato huhitaji sehemu kama hizo kulea makinda yake, na mwalo unaofyeka mazalia unajinyima samaki wa kupokea. Viboko nao wana njia zao za kutokea usiku kwenda kula majani. Msijenge juu ya njia ya kiboko, wala karibu na mahali mamba wanapojulikana kukaa.

Kisha angalieni sakafu. Chukueni nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 2, ingieni majini, mkaichome chini kila baada ya hatua mbili. Ikiingia mkono mzima bila kupata ukinzani, hiyo ni tope, na zege litazama. Ikigota kwenye kokoto, mchanga mgumu au mwamba, hapo pana msingi.

Jambo la mwisho ni barabara. Lori la barafu na gari la wagonjwa lazima yafike masika, yasiishie kiangazi. Ikiwa barabara haifiki, zungumzeni na ofisi ya wilaya ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mapema, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji.

Hatua ya 3: Kikao, ardhi na vibali

Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha ardhi ya kijiji itumike kwa umma, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Muhtasari uandikwe vizuri, wenye mahudhurio na sahihi, ukitaja mipaka ya eneo kwa alama zinazoonekana. Ikiwa mtu ana shamba au kibanda hapo, fidia yake ijadiliwe na ilipwe kabla ya ujenzi. Nimeona mradi ukisimama miaka miwili kwa ajili ya miembe mitatu ambayo ingelipwa kwa siku moja.

Liandikeni pia neno umma, kwa maana yake kamili. Njia ya kufika majini isifungwe na mtu yeyote: si mnunuzi wa samaki, si mwenye hoteli, si tajiri wa mitumbwi ishirini. Mkiliacha bila kuandikwa, baada ya miaka mitano mtakuta geti.

Kwa upande wa vibali, sheria ya kujua kwanza ni ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwalo wenyewe hauwezi kukaa mbali na maji, kwa hiyo unahitaji kibali. Lakini vyoo, vibanda, maegesho na maghala hayana sababu ya kuwa ndani ya mita hizo 60. Nendeni NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, mkiwa na mchoro, watawaambia mradi wenu unahitaji tathmini ya mazingira ya kiwango gani. Bodi ya maji ya bonde itahusika kwa sababu mnajenga ndani ya chanzo cha maji. Idara ya uvuvi ya halmashauri itahusika kwa sababu samaki watapokelewa hapo. Na ikiwa mwalo utapokea abiria na mizigo, TASAC (shirika la uwakala wa meli, linalosimamia pia usalama wa vyombo vya majini) na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari wanapaswa kujua tangu mwanzo, la sivyo mnajenga bandari bubu, yaani isiyo rasmi, na bandari bubu hufungwa.

Nendeni wenyewe, mkiwa na karatasi mkononi. Barua iliyotumwa bila mtu wa kuifuata hukaa.

Hatua ya 4: Pimeni

Mpimaji wa halmashauri akipatikana, vizuri. Asipopatikana, fundi mwenye mpira wa maji wa kulinganishia kimo, kamba yenye mafundo kila mita 1, na upondo uliochorwa sentimita anaweza kufanya kazi ya kutosha kwa mchoro wa awali. Vuteni mstari mmoja ulionyooka kutoka juu ya alama ya 2020 hadi ndani ya maji. Kila mita 2 andikeni kimo nchi kavu, au kina majini. Rudieni mistari miwili mingine, mita 5 kila upande.

Sasa hesabuni. Kimo kutoka maji ya chini hadi maji ya juu ni mita 3. Ongezeni sentimita 60 chini ya maji ya chini kabisa, ili mtumbwi wenye injini uweze kuelea hata mwaka mbaya. Ongezeni sentimita 50 juu ya maji ya juu kabisa, kwa ajili ya mawimbi. Jumla ni mita 4.1.

Mteremko wa mita 1 kwa kila mita 8 unafaa kwa trekta au gari linaloshusha boti kwa tela. Kwa mialo yetu ambako watu ndio wanaovuta, mita 1 kwa kila mita 10 ni rahisi zaidi kwa migongo. Kwa hiyo urefu wa mteremko wenu, yaani njia ya zege inayoshuka hadi majini, utakuwa kati ya mita 33 na 41. Watu wengi wakisikia namba hiyo hushtuka, kwa sababu walikuwa wamepanga mita 12. Mita 12 ndizo zilizotuponza sisi.

Kama fedha hazitoshi, msifupishe mteremko wala kuuinamisha zaidi. Jengeni nusu ya juu kwa zege, nusu ya chini wekeni mawe na changarawe iliyoshindiliwa, na mipango ya kuimalizia ziwa litakaporudi nyuma. Ziwa litarudi nyuma tu.

Hatua ya 5: Gawanyeni eneo

Chukueni karatasi kubwa, ichoreni mbele ya watu, na kila kundi lionyeshe linasimama wapi: abiria, wachuuzi wa sangara na mizani yao, akina mama wa dagaa, waosha nguo, wenye mifugo, mafundi wa mitumbwi. Akina mama wa dagaa waulizwe mapema na waulizwe wao wenyewe, maana ndio wanaohitaji nafasi kubwa kuliko wote. Dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga hupata mchanga na bei yake huanguka. Vichanja vinahitaji jua na upepo, na vikae upande ambao moshi na vumbi la magari havifiki. Ng'ombe wawe na njia yao ya kunywea, mbali kabisa na mteremko, la sivyo zege litakuwa kinyesi na utelezi.

Sasa vyoo, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu jambo hili ni zito kuliko zege.

Kichocho ni ugonjwa wa mwambao huu. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa, yakifika majini huanguliwa, vijidudu huingia kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ukingoni, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Hutoka zaidi kukiwa na jua, hasa karibu na saa sita mchana. Mwalo hukusanya mambo yote matatu mahali pamoja: watu wengi wasio na choo, majani ya ukingoni, na watu waliosimama majini hadi kiunoni wakishusha mizigo. Mwalo usio na choo unazalisha wagonjwa.

Kwa hiyo vyoo vijengwe kabla ya mteremko, si baada. Viwe nje ya mita 60, mahali pa juu. Kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu, shimo lijengewe kuta zisizovuja na liweze kunyonywa. Matundu ya wanawake yawe mengi kuliko mnavyodhani, na yawe na mlango unaofunga kwa ndani na taa, kwa sababu kazi ya dagaa huanza gizani. Wekeni maji ya kunawa. Majani ya ukingoni yakatwe pale tu mteremko unapopita, mita chache kila upande, ili konokono wasikae miguuni mwa watu. Mafunjo mengine yaacheni.

Hatua ya 6: Mteremko wenyewe

Kabla hamjamwaga chochote: msimwage zege kwenye ufuko wote. Mitumbwi yetu ni ya mbao. Mbao zikiburutwa juu ya zege kila siku, mkuku huliwa kama penseli. Acheni upande mmoja uwe mchanga wa kawaida, wa kuvutia mitumbwi juu ya magogo kama siku zote, na zege liwe kwa ajili ya mizigo mizito, boti za chuma na za faiba, na gari la wagonjwa. Mita 5 za upana zinatosha kwa njia moja: mtumbwi katikati, watu pande zote mbili.

Kazi ianze Septemba hadi Novemba, ziwa likiwa chini na kabla mvua hazijakaza.

Chimbeni hadi udongo mgumu. Tandazeni mawe, kisha kokoto sentimita 15, shindilieni. Juu yake zege la sentimita 15 lenye nondo za mm 12 kila sentimita 20. Mchanganyiko uwe wa nguvu: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 1 na nusu, kokoto ndoo 3. Kwa mteremko wa mita 33 kwa 5 mnahitaji karibu mita za ujazo 25 za zege, yaani mifuko kama 200 ya kilo 50. Wekeni akiba ya mifuko 15. Mchanga msichimbe ufukweni hapo hapo. Mtakuwa mnaondoa kinga ya ufuko wenu ili kujenga kitu kinachohitaji kinga hiyo. Acheni nafasi ya kupanukia kila mita 4 au 5, la sivyo zege litachagua lenyewe pa kupasukia.

Uso usilainishwe. Fundi wengi wanajivunia zege linalong'aa, na hapa mng'ao ni hatari. Likiwa bado bichi, lichoreni mifereji yenye kina cha sentimita 2, ikielekea chini kwa mshazari kutoka katikati kwenda pembeni, kama miiba ya samaki. Maji na tope vitatoka kwa pembeni, na mguu utapata pa kushika. Limwagilieni maji siku 7 mfululizo, likifunikwa kwa magunia. Boti nzito zisipite kabla ya siku 28.

Sehemu iliyo chini ya maji ndiyo ngumu. Zege likimwagwa ovyo majini, saruji huoshwa na mnabaki na kokoto. Njia ya kwanza ni kuzungushia eneo kwa viroba vya mchanga na kunyonya maji kwa pampu. Inafaa kina kisipozidi goti au paja na sakafu ikiwa haivuji sana. Njia ya pili, ninayoipenda zaidi kwa vijiji, ni slabu zilizomwagwa nchi kavu. Slabu ya mita 1.5 kwa sentimita 40, unene sentimita 12, ina kilo kama 170. Watu sita wenye miti miwili wanaibeba. Kila slabu iachiwe matundu mawili pembeni, na zikishalazwa juu ya changarawe iliyosawazishwa majini, ziunganishwe kwa vyuma visivyopata kutu. Ziwa likishuka mwaka wowote, slabu iliyozama inaweza kuinuliwa na kupangwa upya. Zege lililovunjika haliwezi.

Ncha ya chini ilindwe kwa mawe makubwa, ya kubebwa na watu wawili, yaliyopangwa kwa upana wa mita 2 kuizunguka. Bila mawe hayo, rafadha za injini zitachimba shimo chini ya ncha, slabu zitaning'inia, na siku moja zitavunjika chini ya mzigo. Wekeni sharti pia: hakuna kupandisha boti kwa kusukuma injini juu ya mteremko. Injini izimwe, watu washuke, wavute.

Pande zote mbili za mteremko wekeni mawe ya kuzuia mmomonyoko, na juu yake mtaro unaokinga maji ya mvua yasishuke kwenye zege. Maji ya mvua yakipita chini ya zege mara mbili tatu, yanabeba msingi wote. Fundi huona ziwa akasahau mvua.

Ziacheni pete za chuma zilizozamishwa kwenye zege, kila mita 5, kwa ajili ya kufungia kamba.

Hatua ya 7: Gati, kama linahitajika

Gati la nguzo ni zuri hadi maji yapande. Mwaka 2020 magati mengi yalikuwa chini ya maji, na abiria wakirudi kubebwa mgongoni. Kama mnapokea abiria, gati linaloelea juu ya mapipa au maboya, lililofungwa kwenye nguzo linapopanda na kushuka na maji, linastahili gharama yake. Daraja lake la kuunganisha na nchi kavu liwe na bawaba. Pembeni fungeni matairi chakavu. Faida yake kubwa ni kwamba mtu anapanda chombo bila kuloana, na nimeshaeleza maji ya ukingoni yana nini.

Hatua ya 8: Usalama

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara, watu wa nchi kavu wakiona. Zaidi ya watu 220 walifariki. Kila anayepanga mwalo wa abiria aifikirie siku ile. Mtu anaweza kufa akiwa amebakiza mita chache, na umati unaosukumana kwenda upande mmoja unatosha kupindua chombo kilichojaa kupita kiasi.

Kwa hiyo abiria wasubiri mahali penye uzio na paa, waingie kwa mstari mmoja, na wanaoshuka wamalize kwanza. Awepo mtu mmoja, mwenye jina linalojulikana, anayehesabu watu na anayeweza kusema hapana. Kila chombo kinachotoka kiandikwe kwenye daftari: jina la chombo, idadi ya watu, kinakokwenda, saa ya kurudi. Chombo kisiporudi, daftari ndilo linaloanzisha msako. Majaketi okozi yawe hapo hapo mwaloni, ya watoto pia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Uandikwe ubaoni kila asubuhi na kila jioni, na bendera nyekundu ipandishwe upepo mkali unapotarajiwa. Kichwani mwa mteremko simamisheni taa moja ya sola, juu, isiyozimwa usiku. Wavuvi wa dagaa wana taa zao nyingi majini. Taa ya nyumbani inapaswa kuwa moja na isibadilishwe mahali.

Chimbieni pia nguzo iliyopakwa rangi kila sentimita 10, ionyeshe kimo cha maji, na sifuri yake ilingane na ncha ya zege. Mgeni akifika usiku kwa tochi ataona ana kina gani juu ya ncha.

Hatua ya 9: Uendeshaji

Kamati ya BMU, yenye wanawake wa dagaa ndani yake na si wenye mitumbwi peke yao, ipewe mamlaka kwa maandishi. Ushuru ukikusanywa, ukusanywe kwa mashine ya halmashauri na risiti itolewe, na mkutano mkuu ukubaliane mapema ni sehemu gani inabaki mwaloni kwa usafi na matengenezo. Mkisubiri kukubaliana baada ya fedha kuanza kuingia, hamtakubaliana.

Zege lililo kati ya maji na nchi kavu huota utelezi wa kijani. Lisuguliwe kwa brashi ya waya na mchanga kila wiki. Msitumie dawa wala sabuni kali. Kuna watu wanakunywa maji hayo mita mia moja mbele. Tope la masika liondolewe Juni. Mashimo chini ya ncha yakaguliwe Oktoba, maji yakiwa chini, kwa kupapasa na upondo. Magugu yakija, yatolewe nchi kavu mbali na ukingo, yasirudishwe na wimbi la jioni.

Na mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Oktoba, mtu wa kamati asome nguzo ya kimo na kuandika namba na tarehe kwenye daftari lile lile la vyombo. Daftari likijaa lihifadhiwe ofisi ya kijiji, kwenye kabati linalofungwa. Siku moja vijana watataka kurefusha mteremko, na wazee wa 2006 hawatakuwepo wa kuwaonyesha kwa mguu.